Ukucha wa Mtukufu

Hadithi hii haikutokea kwetu. Tuelewane mapema, maana kuna watu wakisikia neno "rais" huanza kutazama dirishani kama kuna mtu kasimama nje. Ilitokea Nyatunyatu, nchi ya mbali, yenye wimbo wake, bendera yake na mahindi yake ya msaada. Huko raia wanakanyaga taratibu sana, na ndiyo asili ya jina. Sisi hapa tunakanyaga tunavyotaka. Haya, tuendelee.

Wanyatunyatu wana mila moja. Rais akichaguliwa haapi na viatu. Anakalishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja, anavuliwa viatu mbele ya watu wote, anaoshwa miguu, kisha anasimama peku juu ya mchanga na kula kiapo. Wahenga wao walisema huwezi kumkabidhi mtu nchi bila kuona atakachoikanyagia. Kazi ya kuosha ni ya ukoo mmoja, na wakati huo ilikuwa mikononi mwa Bi Mwatumu, mama wa makamo mwenye mikono ya mtu aliyetwanga maisha yake yote, na mdomo usio na breki. Mila inasema mguu ukishaingia mikononi mwa Mwosha Miguu hautoki mpaka auachie mwenyewe. Hata rais hana amri juu ya mguu huo. Usicheke, kila nchi na katiba yake.

Mtukufu Rais Dunduliza alikuwa ameshaapa mara nyingi na alikuwa akijiandaa kuapa tena. Uchaguzi ulikuwa bado, lakini Nyatunyatu matokeo huwahi kufika kuliko kura, kwa hiyo mazoezi ya kuapa huanza mapema. Bi Mwatumu akaitwa Ikulu. Akavua kiatu cha kulia, akavua soksi, akanyamaza. Kwa Bi Mwatumu kunyamaza lilikuwa jambo kubwa kiasi kwamba walinzi walishika bunduki zao.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "huu ni ukucha au ganda la muwa?"

Ulikuwa ukucha wa kidole gumba. Ulikuwa umevimba, wa njano, unamegekameka pembeni. Mtukufu hakuwa amevua viatu mbele ya mtu tangu kiapo kilichopita. Wabaya wake walidai hata kuoga alioga navyo, lakini mimi sikuwepo bafuni.

*

Kesho yake gari jeusi likamfuata Daktari Shomvi, bingwa wa ngozi na kucha. Lilimkuta juu ya ngazi akifunga taa za arusi barazani kwake, kwa sababu binti yake wa pekee, Arafa, alikuwa anaolewa wiki ile. Mchele ulishapembuliwa, hina ilishapakwa. Daktari alikuwa mtu wa "ndiyo mzee", hajawahi kubishana hata na mgonjwa. Akashuka ngazi, akamwambia mkewe, "Narudi sasa hivi."

Masikini ya Mungu.

Ikulu alionyeshwa mguu wa kulia tu. Alipotaka kuona na wa kushoto, Waziri wa Subira alikohoa. Huyu aliitwa Mheshimiwa Ndauka, na wizara yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote Nyatunyatu, maana ilishughulikia maji, barabara, umeme na hospitali, yaani vyote ambavyo wananchi walikuwa wanavisubiri.

"Mguu wa kushoto haumo kwenye ratiba," akasema.

Daktari akauinamia wa kulia, akaukwangua kidogo, akatazama kwa miwani. "Ni fangasi, Mtukufu."

Mawaziri waliokuwa wamejipanga nyuma ya kiti wakashtuka.

"Wanafadhiliwa na nani?" akauliza Waziri wa Subira.

"Fangasi hawafadhiliwi, mheshimiwa. Wanaota wenyewe penye giza na unyevu."

"Kumbe ni chama cha siri."

Mtukufu aliinua mkono, kukawa kimya. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuuliza jambo dogo huku akifikiria kubwa. "Daktari, mtu anaupataje ugonjwa huu?"

"Viatu vya kufunika kutwa kucha, Mtukufu. Soksi mbichi. Kuazimana viatu."

"Na mtu mwenye ukucha mzima, tuseme anautaka kwa hiari yake, afanyeje?"

Daktari akacheka, akadhani ni utani wa wakubwa. "Avae soksi ya mgonjwa, Mtukufu, aimwagie maji kila asubuhi, asiivue."

Hakuna mwingine aliyecheka. Waziri wa Subira alikuwa akitikisa kichwa polepole kama mwanafunzi anayekariri.

Daktari akaeleza tiba. Ipo mashine ya mwanga, inaitwa leza. Mwanga unapitishwa juu ya ukucha, joto lake linawafuata fangasi waliojificha chini na kuwaua. Maumivu yake ni madogo. Kwa wengine inafaa, kwa wengine haifai.

"Mtukufu si wengine," akaonya Waziri wa Subira. "Ukucha utakuwa safi lini?"

"Hapo ndipo pagumu, mheshimiwa. Leza inaua fangasi tu, haiung'arishi ukucha. Ule mbovu unabaki pale pale mpaka mzima uote toka shinani na kuusukuma nje. Wa kidole gumba huchukua mwaka na zaidi. Pengine mwaka na nusu."

Chumba kikapoa. Uchaguzi ulikuwa mlangoni. Mtukufu hawezi kuapa na ukucha ule mbele ya watu, na hawezi kuivunja mila, kwani hata vikongwe wangetoka na michi. Daktari aliona ajali yake imefika. Kumbe wapi! Uso wa Waziri wa Subira ulikuwa umenawiri kama wa mtu aliyeambiwa chakula tayari.

"Mwaka na nusu," akarudia taratibu, akiyaonja maneno. "Na hauwezi kuharakishwa?"

"Ukucha hauharakishwi, mheshimiwa. Unaota kwa wakati wake."

"Daktari, maneno hayo utayarudia kwenye redio."

*

Ndipo ikazaliwa Sheria ya Ukucha. Wabunge waliipitisha jioni hiyohiyo kwa kunyanyua miguu. Ilikuwa sheria fupi: uchaguzi utafanyika siku ambayo Daktari Shomvi atatangaza kwamba ukucha wa Mtukufu umepona. Mpaka siku hiyo, Mtukufu ataendelea kuibeba nchi, kwa maumivu. Mpaka siku hiyo, tena, Daktari Shomvi hatatoka Ikulu, kwa kuwa ameona siri ya taifa kwa macho yake yote mawili.

"Lakini naozesha!" Daktari akasema. "Mimi ndiye walii wa binti yangu. Bila mimi hafungishwi ndoa."

"Unaweza kumweka mtu awe wakili wako," akasema Waziri wa Subira kwa huruma.

"Basi nipeni mashahidi wawili wanisikie nikimteua ndugu yangu."

Waziri akasikitika. Mashahidi wapo, akasema, tatizo watu wa Ikulu hawaruhusiwi kusikia. Akampapasa Daktari begani. "Subira, ndugu yangu. Huvuta heri."

Kwa hiyo arusi ya Arafa ikafungwa kwenye kidole cha rais, na taa zikabaki zinaning'inia barazani nusu nusu, kama zilivyoachwa.

*

Mashine ilipokelewa uwanja wa ndege kwa zulia na gwaride. Ilipigiwa mizinga, ikalazwa nyumba ya wageni wa serikali. Siku ya tiba ikazuka shida. Mkuu wa Majeshi, ambaye alikuwa mtu wa kanuni, alisema kumwelekezea Mtukufu mwanga wa moto ni uhaini, na adhabu yake ni kitanzi.

"Sasa nitamtibuje?" akauliza Daktari.

Walijadiliana kutwa nzima. Hatimaye leza ikafungwa mezani ikiwa imeelekea ukutani, na Mtukufu akawa yeye mwenyewe ndiye anayeupeleka mguu kwenye mwanga, kwa hiari yake. Redio ikatangaza kwamba Mtukufu ameushambulia mwanga na mwanga umesalimu amri. Mtukufu alisema alihisi joto kidogo. Wananchi wakapewa mapumziko.

Tangu hapo ukucha ukawa ndiyo kalenda ya nchi. Kila mwezi Daktari alipelekwa mbele ya kipaza sauti kusema umeota kiasi gani, na watu waliacha kuulizana hali, wakawa wanaulizana ukucha. "Ukucha waonaje?" "Unapanda, tunashukuru." Waliokuwa wanadai mishahara waliambiwa wangoje ukucha. Daraja lililokatika liliwekewa bango la picha ya kidole.

Kisha wakubwa wakaanza kupaka manjano. Sijui nani alianza, nasikia ni mkuu wa mkoa mmoja aliyekuwa hajapandishwa cheo siku nyingi. Alifika mkutanoni na kandambili, ukucha wake wa gumba umepakwa manjano ya biriani, akasema hawezi kuwa mzima wakati Mtukufu anaumwa. Wiki iliyofuata mawaziri wote walikuwa peku na njano. Manjano yakaadimika sokoni, wenye arusi wakapika biriani nyeupe. Ikafika mahali mtu mwenye ukucha safi anasimamishwa barabarani kuulizwa yuko upande gani.

Daktari Shomvi ndiye peke yake aliyekuwa na kucha safi Ikulu nzima, na waliitazama miguu yake kwa wasiwasi.

*

Habari za nyumbani aliletewa na Bi Mwatumu, aliyekuja kila mwezi kuosha mguu kabla ya ukaguzi. Kama watu wa Ikulu hawakuruhusiwa kusikia, yeye hakuna aliyethubutu kumzuia kusema.

"Binti yako hina imechuja," akamwambia mara ya kwanza, akisugua kisigino cha Mtukufu kwa nguvu.

Baadaye akasema, "Imepakwa tena, imechuja tena."

Baadaye tena, kwa sauti ya chini, "Safari hii amekataa kupakwa. Kasema atapakwa akiona baba yake mlangoni."

Daktari alijifanya anafuta miwani. Bi Mwatumu akamwona, akasugua kile kisigino mpaka Mtukufu akasema "ash!"

Na ukucha ulikuwa unaota. Hilo lazima tuliseme, leza ilimkubali Mtukufu. Toka shinani ulikuja ukucha mpya, mwembamba, wa rangi ya waridi, ukiusukuma ule mbovu mbele pole pole. Daktari aliutazama kwa mapenzi ya mkulima. Jambo moja tu lilimtatiza. Mtukufu alipotembea, kiatu cha kushoto kililia chwa, chwa, kama kina maji. Na nyuma yake siku zote alifuata msaidizi mmoja aliyebeba birika.

"Hiyo birika ya nini?" Daktari aliwahi kuuliza.

"Itifaki," akajibiwa.

Mwezi ulipofika ambao ukucha ulikuwa safi kabisa, wote, toka shina hadi ncha, Daktari alifurahi mno. Akamgeukia Waziri wa Subira. "Umepona, mheshimiwa."

"Umepona kitabibu," akasema Waziri. "Lakini je, umekomaa? Tazama tena, Daktari. Tazama kama mtu anayependa maisha yake."

Walinzi wawili wakasogea karibu, wakatazama nao. Daktari akasogea kwenye kipaza sauti, na nchi nzima ikamsikia akisema, "Bado kidogo."

Aliona aibu. Aliona aibu hata chakula kikamshinda, na mwezi mzima hakuweza kujitazama kwenye kioo cha kunyolea. Bi Mwatumu aliporudi hakumsalimu. Aliosha mguu, akaukausha, na alipokuwa anakusanya taulo zake akasema kama anayezungumza na beseni.

"Watu wa bwana arusi wamekuja kwako jana. Wanasema kijana wao Sudi si wa kuozea nyumbani. Mwezi huu ukiandama wakamkosa Arafa, wanaposa kwingine. Nami nimeuosha ukucha huu, naujua. Wewe uliyesema bado kidogo, na Mungu wako mnajuana."

*

Wakati huohuo wananchi walikuwa wameanza kunung'unika. Ukucha gani huu usioota hata kwa maombi? Wakataka kuuona. Nyatunyatu kutaka si kawaida, lakini ajabu zaidi ni kwamba Waziri wa Subira alikubali papo hapo, tena kwa uchangamfu. Ukaguzi wa mwezi ule, akatangaza, utafanyika uwanjani, kwa uwazi.

Uwanja ulijaa pomoni. Mtukufu akaketi kwenye kigoda. Bi Mwatumu akavua kiatu cha kulia, akaosha, akaunyanyua mguu juu watu waone. Ukucha ukang'aa juani, safi kama wa mtoto mchanga. Daktari Shomvi alisimama mbele ya kipaza sauti. Walinzi walikuwa wamesimama nyuma yake, anasikia pumzi zao shingoni. Akafikiria taa za barazani.

"Umepona," akasema. "Umepona tangu mwezi uliopita. Nilidanganya kwa woga. Nisameheni."

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Akina mama walivua kanga wakazirusha. Daktari akasubiri kukamatwa, lakini hakuna aliyemgusa. Mtukufu mwenyewe alikuwa anapiga makofi, anatabasamu, anangoja kelele zitulie.

"Tunamshukuru Daktari wetu," akasema kwa ile sauti yake ya upole. "Wa kulia umepona. Lakini sheria, ndugu zangu, inasema ukucha wa Mtukufu. Haikusema upi."

Akanyoosha mguu wa kushoto.

Bi Mwatumu akavua kiatu. Yakamwagika maji, na harufu ikafika mpaka safu ya mabalozi, ambao walikumbuka miadi yao yote kwa pamoja. Akavua soksi mbichi, nyeusi. Ukucha uliokuwa ndani ulikuwa mbovu kuliko wa kwanza, wa njano iliyoiva, umevimba, umepasuka katikati.

"Mwaka na nusu mwingine," akasema Waziri wa Subira kwa masikitiko. "Daktari, chumba chako hatujakigusa."

Daktari aliyatambua maneno yake mwenyewe pale kwenye kidole cha rais. Soksi ya mgonjwa, maji kila asubuhi, usiivue. Dawa ya kuugua aliitoa yeye, kwa kicheko. Hasira ikampanda, hasira ambayo hajawahi kuwa nayo maisha yake yote, na ilipofika juu alishangaa kukuta imemtoa woga wote. Akakivuta kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, huu hauhitaji leza. Hauhitaji hata kesho. Ukucha ukiharibika namna hii tunaung'oa. Ni kazi ya sasa hivi. Bi Mwatumu, usiuachie huo mguu."

"Niuachie niende wapi?" akasema Bi Mwatumu, akakaza.

Tabasamu la Mtukufu likapungua. "Na ganzi?"

"Ganzi iko hospitali, Mtukufu, na hospitali tuliambiwa tuzisubiri." Daktari akageukia watu. "Nani ana koleo?"

Kule nyuma fundi baiskeli mmoja akanyanyua lake. Likaja mkono kwa mkono juu ya vichwa, na lilivyokuwa linakuja watu wakaanza. "Ung'olewe! Ung'olewe!" Ilikuwa mara ya kwanza Nyatunyatu umati kupiga kelele ambazo haukugawiwa getini.

Mtukufu akavuta mguu, mguu haukuja. Akavuta tena. Akamwangalia Mkuu wa Majeshi, na Mkuu wa Majeshi, ambaye nilishawaambia ni mtu wa kanuni, akapiga saluti.

"Mguu uko mikononi mwa Mwosha, Mtukufu. Hatuna mamlaka nao."

"Tuwe na subira," akaanza Waziri wa Subira, lakini sauti yake haikufika popote.

Koleo likafika. Lilikuwa na kutu na grisi. Daktari akalifungua, akalifunga, likalia. Akapiga goti. Mtukufu Rais Dunduliza akauinamia ukucha wake wa kushoto, akautazama kwa makini ambayo hajawahi kuitazama nayo nchi.

"Hebu ngoja," akasema. "Mbona mimi naona umepona?"

"Mtukufu ana hakika?"

"Umepona kabisa. Tena unang'aa."

"Kwenye kipaza sauti, Mtukufu. Wa kule nyuma hawajasikia."

Akasema kwenye kipaza sauti. Daktari akasimama, akatangaza kwamba anakubaliana na Mtukufu, kucha zote zimepona, na kwa mujibu wa sheria uchaguzi upo. Ukucha ulikuwa wa njano. Watu wote waliuona, hata watoto waliobebwa mabegani. Lakini rais keshasema umepona, na sisi raia ni nani hata tumpinge?

Uchaguzi ulifanyika. Nani alishinda sitasema, maana naona kuna mtu kasimama dirishani.

Ninalojua ni kwamba kabla mwezi haujaandama Arafa alipakwa hina mpya, mpaka viwikoni, na taa za barazani zilimaliziwa kufungwa. Bwana arusi Sudi alipofika mlangoni kwa vifijo, alikalishwa aoshwe miguu, kama ilivyo desturi, na aliyeketi na beseni alikuwa Bi Mwatumu mwenyewe. Kijana akatabasamu, akavua kiatu cha kulia, akautoa mguu mzuri, safi, wenye ukucha wa kupendeza. Akina mama wakapiga vigelegele. Daktari Shomvi, walii, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanzu yake mpya, hakupisha njia.

"Na cha kushoto, mwanangu," akasema.